Mrejesho: gesi kugoma alfajiri kwenye gari la kulala, Hispania

Wakuu, niliuliza kwa nini jiko na hita ya gari letu la kulala vinazimika alfajiri hapa Granada ilhali mtungi bado una gesi. Aliyejibu "hiyo ni butani", yaani aina ya gesi iliyomo mtungini, alipatia kabisa, asante sana ndugu yangu. Butani huacha kugeuka mvuke baridi ikikaribia nyuzi 0, na Granada iko juu, karibu mita 700. Usiku wa Januari unauma kweli. Propani, aina nyingine ya gesi ya mtungi, huhimili hadi nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Tumebadilisha mtungi, watoto wanalala vizuri. Ila jamani, msizibe matundu ya hewa kwa kukimbia baridi! Hewa ya sumu inayotoka kwenye moto (kaboni monoksidi) haina harufu. Wiki ijayo tunateremka pwani, Almería, huko butani inatosha.