Udzungwa kwa mara ya kwanza, bila gari: naomba mwongozo

MamaCherehani (Tabata Segerea)

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mwisho wa mwezi wa sita ni zamu yangu ya kupokea mchezo, na safari hii nimeapa sinunui kabati. Binti yangu yuko kidato cha tatu, mwalimu wa jiografia kamjaza Milima ya Tao la Mashariki hadi anaiota. Anataka Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, aone maporomoko ya Sanje. Mimi nimezaliwa Temeke. Mlima pekee ninaoupanda ni ngazi za ghorofa ya nne Kariakoo nikifuata vitambaa, tena nikifika juu naomba kiti.

Jirani yangu anasema bila kukodi gari la kitalii nisijisumbue, na bei aliyonitajia ni mchezo wote na deni juu. Je, ni kweli? Tukipanda basi tutafika? Na goti langu la kushoto litanivusha? Nimeshanunua majaketi mawili mazito ya mtumba Ilala.

Kidevu

Dada, kwa hela hiyo shuka Mikumi, uone twiga na tembo umekaa kwenye kiti. Udzungwa ni miti tu.

BabaMiwa

Kidevu, miti tu? Haya.

MamaCherehani, nimefanya kazi ya miwa kule Kidatu miaka tisa, na mlima huo nilikuwa nauona kila nikiinua panga. Jirani yako kakudanganya bila kujua. Udzungwa hakuna barabara ya kuzungukia na gari kama Mikumi. Hata aliyekuja na V8 analiacha chini, anatembea kama wewe. Sasa gari la kitalii unalikodi likafanye nini?

Njia ni hii. Mabasi ya Ifakara yanapita Morogoro, yanafika Mikumi mjini, yanaacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea Kidatu. Ukivuka daraja la Ruaha unaona miwa, na upande wa kulia mlima umesimama kama ukuta. Hapo mwambie binti aache simu.

Sikiliza vizuri hapa, maana mimi mwenyewe nilikosea. Ukitoka Kidatu, kijiji cha Sanje unakikuta KABLA ya Mang'ula. Mara ya kwanza nilishuka Sanje kwa ujanja wangu, nikijua maporomoko si ndiyo haya hapa. Nikaambiwa kwanza nikajiandikishe makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, kilomita kama tisa mbele. Nikapanda bodaboda kwenda, bodaboda kurudi, jua limeshakuwa kali na mwongozaji ananiangalia kwa huruma. Kwa hiyo nyoosheni hadi Mang'ula, mlale gesti, asubuhi na mapema mjiandikishe ndipo mrudi Sanje. Msijaribu kutoka Dar na kupanda siku hiyohiyo. Basi peke yake litawamalizia siku.

Malipo ya hifadhi unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, kwa hiyo weka salio kabla ya kufika. Beba na kitambulisho cha NIDA, kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni. Mwongozaji ni lazima, na wala usinung'unike. Humo kuna tembo na nyati. Mimi tembo sijamwona, ila kinyesi chake nimekikuta njiani, kwenye mteremko ambao mbuzi angefikiria mara mbili.

Majaketi yaache Tabata. Watu wa Dar wakisikia mlima wanawaza theluji ya Kilimanjaro. Mang'ula iko chini kabisa, joto na jasho lake ni kama uko Buguruni. Baridi wanaikuta wale wanaolala juu, wanaokwenda kilele cha Mwanihana. Hela ya jaketi moja ungenunulia viatu vyenye soli yenye meno. Shemeji yangu alikuja na raba zilizolika soli, akashuka Sanje kwa makalio, na suruali yake hadi leo tunaisimulia.

Goti: mzunguko wa Sanje ni kama saa nne kwa mwendo wa kawaida, wenu utazidi. Maji yanaanguka mita 170 na zaidi, kwa hatua tatu, na njia inapanda kweli. Kupanda ni pumzi, kushuka ndiko kunakouma goti. Omba fimbo. Ukiona huwezi, yako maporomoko madogo ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu, hayamalizi hata saa. Ni yule mume wa aliyekuwa malkia wa Uholanzi, Juliana, aliyekuja hifadhi ilipozinduliwa mwaka 1992.

Na Kidevu, kwa faida yako: kuna mbega wekundu pale ambao duniani kote hawapo ila kwenye milima hiyo. Hawana vidole gumba, na wanaruka hivyohivyo. Kuna na ngolaga, nyani ambaye wenyeji walimjua siku zote lakini wataalamu walikuja kumtambua mwaka 1979. Twiga nimemwona hata kwenye noti.

Msamvu_Junior

Nyongeza. Kama basi la moja kwa moja linawachosha, pandeni treni ya SGR hadi Morogoro, ilipoanza mwaka 2024 daraja la kawaida lilikuwa 13,000. Kisha bajaji hadi stendi ya Msamvu, mtafute gari la Ifakara. Ila stesheni na stendi haziko pamoja, msifike mkadhani mnavuka barabara tu.

Kidevu

Twiga kwenye noti 😂 Nimekaa chini mkuu.

MamaCherehani

BabaMiwa, Mungu akuweke. Nimemsomea binti, alipofika kwenye mbega wasio na gumba akaenda kuandika kwenye daftari. Jaketi moja nimeshalikata, linageuka begi la mgongoni. La pili kalichukua jirani, anasema yeye anakwenda Lushoto.

Swali la mwisho: hiyo fimbo naikuta hukohuko, au nianze kuitafuta Tabata?

BabaMiwa

Hukohuko, mama. Ukitoka nayo Tabata, konda atakutoza ya mzigo.