Yule jamaa wa video za epoksi (mnamjua) leo kanivua nguo hadharani

Patasi Butu: Wakuu sina hata salamu leo. Yule jamaa wa glovu nyeusi na kamuziki ka kubembeleza, mnamjua, simtaji. Mtu mzima nimechimba ua kwenye ubao kwa patasi mpaka viganja vimeota malengelenge, nikachanganya resini (ule uji wa epoksi unaoganda ukawa kama kioo), nikatia unga wa bluu, nikamwaga, nikamtumia picha kwa adabu zote, "mwalimu mbona haikauki". Kajibu nini? "Hiyo ni resini au kamasi?" Halafu kaipini juuu kabisa, mafundi wa dunia nzima wasome. Kamasi! Yeye kwenye video anamwaga, anakata, sekunde mbili mbele meza inang'aa, hayo masaa 24 mpaka 72 ya kusubiri hayaonyeshi hata kwa bahati mbaya. Mimi nimegusa na dole gumba kupima, alama imebaki katikati ya ua na mistari yake yote, siku nikiombwa kitambulisho napeleka ubao. KAMASI jamani.

Randa Baba: Kipimo ulitumia gani?

Patasi Butu: Kipimo kimetokea wapi tena, mimi nimeitiwa kamasi mbele za watu! Niliona inachelewa nikaiongezea hadina, ile dawa ya kuigandisha, basi.

Randa Baba: 😂😂😂 Mkuu kopo likisema resini 2 kwa hadina 1 ni 2 kwa 1. Hadina ikizidi haiharakishi kitu, ile ya ziada inakosa wa kushikana naye, inabaki laini mpaka kiama. Kwa hiyo jamaa kasema kweli, hiyo ni kamasi.

Mla Msasa: Una afadhali wewe. Mimi nilichanganya kikombe kimejaa tele nikaenda kutafuta selotepu ya kuziba ufa kwa chini, narudi kinafuka moshi, plastiki imepinda. Ikikaa nyingi sehemu moja inajichemsha yenyewe, hilo nalo halisemi.

Kifundo: Selotepu unaitafuta BAADA ya kuchanganya?

Mla Msasa: Usinianze.

Dada Vanishi: Mi kilio changu mapovu. Nimepitisha moto juu yakaisha, nikalala kwa amani, asubuhi yamerudi na ukoo wao.

Randa Baba: Hayo yanatoka kwenye vitundu vya mbao dada. Ungepaka kwanza koti jembamba la kuziba ndo umwage.

Patasi Butu: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kasema kamasi.

Kifundo: Mada sasa hivi ni wauza mbao. "Imekauka hiyo, chukua." Unachukua, unajaza njumu yako safi (lile pambo ulilochimba ubaoni), ubao unasinyaa, resini inaachia pembeni. Hao ndo wa kufunguliwa uzi.

Dada Vanishi: Na msasa namba 80 unaoziba kabla hujamaliza upande mmoja je?

Kifundo: Unausukuma kwa nguvu, resini inapata joto, inalainika. Mkono mwepesi. Na vaa barakoa, vumbi la resini ambayo haijaiva, mwili ukianza kulikataa utajikuna.

Patasi Butu: Hello?

Dada Vanishi: @Mla Msasa kile kikombe bado unacho? Tupia picha.

Mla Msasa: Kipo, kimegandana na benchi. Subiri niwashe taa.