Naomba ushauri: mchango wetu wa saratani ya ovari (vifuko vya mayai ya mwanamke) uende wapi?

Habari zenu ndugu. Shangazi yetu hapa Arua, Uganda, alivimba tumbo miezi mitano. Matonge mawili ya posho (ugali), ameshiba. Tukawa tunampa dawa za minyoo! Tulipofika hospitali ya Mulago ilikuwa saratani ya ovari, imeshasambaa. Tumemzika Januari.

Sasa akina mama wa kikundi chetu tumechanga shilingi milioni 2. Wengine wanataka ziende kwenye utafiti, maana mpaka leo hakuna kipimo cha kuaminika kwa mwanamke asiye na dalili, na kile cha mlango wa kizazi hakiioni. Mimi nasema redio, kwa Kilugbara na Kiswahili, kabla ya Mei 8, siku ya saratani hii duniani. Aliyewahi kulipia kipindi cha redio au kuchangia watafiti, tuanzie wapi?