Naomba ushauri: jozi ipi ya atomu inafaa kwa tasnifu kuhusu molekuli zenye baridi kali mno?

Wanajamvi, naandaa pendekezo la tasnifu ya uzamili, ya nadharia tupu, kuhusu molekuli zinazoundwa kutokana na mchanganyiko wa gesi mbili za kikwantumu (zilizopozwa mno hadi tabia za kikwantumu zinatawala), na nimekwama kati ya jozi mbili. Ya kwanza ni potasiamu na rubidiamu, ambazo mwaka 2008 watafiti wa JILA, taasisi ya utafiti wa fizikia huko Colorado, waliziunganisha kwa kubadili uga wa sumaku, kisha wakazishusha kwa leza hadi hali ya chini kabisa ya nishati. Maandishi yake ni mengi, lakini molekuli hizo zikigongana hubadilishana atomu na kupotea. Ya pili ni sodiamu na sesiamu, zisizo na mmenyuko huo, ambazo watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walizifikisha, zikiwa molekuli, kwenye mgando wa Bose na Einstein (hali ambapo chembe nyingi hutenda kama kitu kimoja) kwa kutumia maikrowevu zinazozuia molekuli zisikaribiane mno. Mimi navutiwa na ya pili. Msimamizi wangu, mtu wa tahadhari, anapendelea ya kwanza.

Kwa waliowahi kukokotoa migongano ya aina hii: je, hesabu za kinga hiyo ya maikrowevu zinawezekana kwa kompyuta ya kawaida, au zinadai mashine kubwa ambayo chuo chetu hakina?