Wale watatu kwenye tangi: waligonga au hawakugonga?

Mzee wa Projekta: Wakuu, juzi nimeirudia filamu ya Al-Makhdu'un, yaani Waliohadaiwa, ya mwaka 1972. Mwongozaji ni Mmisri, Tewfik Saleh, na imetengenezwa Syria kutokana na kitabu cha Mpalestina Ghassan Kanafani. Wapalestina watatu, mzee Abu Qais, Assad na kijana Marwan, wanajificha ndani ya tangi tupu la lori la maji ili wavuke kutoka Basra kwenda Kuwait kutafuta riziki. Wanafia humo kwa joto, dereva akiwa amecheleweshwa mpakani. Kitabuni hawagongi, na dereva anabaki kulia kwa nini hawakugonga. Saleh akageuza: wanagonga, hawasikiki. Naona alikosea. Kanafani mwaka 1963 alikuwa anawaamsha watu wake. Ukiwagongesha, swali lote limekufa.

Bint Mrima: Nakupinga. Kati ya 1963 na 1972 kulipita nini? Vita vya 1967, Ukingo wa Magharibi na Gaza vikatwaliwa na Israeli. Mwaka 1970 wakapigwa Jordan, nchi ya Waarabu wenzao. Kanafani mwenyewe akauawa kwa bomu la gari Beirut, Julai 1972. Watu wamegonga miaka yote hiyo, halafu filamu iwaambie walinyamaza?

Jiwe la Pembeni: Mnazunguka mbuyu. Mwanaume mwenye nguvu zake hawezi kufa kimya ndani ya tangi. Kuogopa polisi kuliko kifo ni uoga. Kitabu kilisema kweli.

Dereva wa Tunduma: Hilo neno uoga lirudishe ulikolitoa. Nimekuwa utingo miaka sita kabla ya kushika usukani. Siku moja niliingia kwenye tangi tupu kulisafisha, saa saba mchana, mfuniko wazi, tena Tunduma kwenye baridi yetu. Niliegemeza mkono ukutani, ngozi ikababuka. Nilipotoka magoti hayakunibeba, na sauti ya kumwita mwenzangu sikuwa nayo. Hao ni Agosti, jangwani, mfuniko umefungwa. Juni 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kule Dodoma, walikuwa wamesafirishwa ndani ya lori. Nao utawaita waoga?

Jiwe la Pembeni: Usinilishe maneno, sijawataja Waethiopia. Na wanaowabeba si ninyi madereva? Wewe umeshapakia wangapi?

Dereva wa Tunduma: Hata mmoja. Niliwahi kufuatwa usiku, nikaonyeshwa vijana wanane wamechuchumaa nyuma ya kibanda cha chipsi. Mmoja alikuwa na kandambili za mguu mmoja mmoja, rangi tofauti. Nilikataa nikaondoka. Mpaka leo sijui walipanda lori la nani.

Mswahili wa Muscat: Jamani, mbona mmemsahau karani? Abu al-Khaizuran, yule dereva, anaingia mbio na makaratasi ofisi ya mpakani. Makarani wamekaa kwenye kiyoyozi, hawana haraka. Wanamtania kuhusu mchezaji ngoma wa Basra, wanataka awasimulie mapenzi yao. Na huyo mtu vita vya 1948 vilimwachia jeraha lililomnyima uanaume wake. Nje wanagonga tangi, ndani muhuri haugongwi. Nimeishi Ghuba miaka kumi na moja. Nimesimama mbele ya kaunta nikicheka mzaha ulionidhalilisha, kwa sababu pasi yangu ilikuwa mkononi mwa anayetania. Nilipoiona sehemu ile nilizima, nikatoka barazani, nikarudi baadaye.

Bint Mrima: Ndiyo maana namtetea Saleh, kelele za viyoyozi ndizo zilizowafunika. Ila dereva simsamehi. Anawatupa jalalani, anaondoka, kisha anarudi kumvua Marwan saa ya mkononi!

Jiwe la Pembeni: Mmeona? Dereva mwizi.

Dereva wa Tunduma: Aliiba, na hilo simtetei. Wewe uliandika uoga. Nangoja ulifute.

Mzee wa Projekta: Ndugu zangu, mimi niliuliza kuhusu Saleh na Kanafani. Bint Mrima, hiyo miaka tisa uliyoitaja sikuwa nimeiweka kwenye hesabu. Bado kitabu nakipenda zaidi. Kinaniachia mimi lawama, filamu inawaachia makarani.

Mswahili wa Muscat: Waachiwe. Wamezoea kuachwa salama.

Jiwe la Pembeni: Dereva, hilo tangi ulilosafisha lilikuwa la mafuta au la maji?

Dereva wa Tunduma: La maji. Kama lao.