Watoto wanapiga besiboli kwa mikono peke yake: nianzie wapi kuwarekebisha?

Mwalimu wa Michezo: Habari zenu, makocha. Ninafundisha watoto wa miaka 9 hadi 11, na wengi wao huzungusha gongo kwa nguvu za mikono huku nyonga zikiwa zimeganda. Nianzie wapi?

Kocha Mstaafu: Mwalimu, anzia miguuni. Mpira ukiwa umetulia juu ya kigingi, mtoto apige hatua fupi kuelekea upande wa mrushaji ilhali mikono imebaki nyuma karibu na bega. Mguu wa mbele ukishakanyaga, nyonga zianze kugeuka na gongo lifuate. Tazama kiatu cha nyuma: kisigino kisipoinuka, nyonga hazijafanya kazi.

Mama Mpigaji: Kagua pia uzito wa gongo. Binti yangu alikuwa akitumia la kaka yake, na ncha yake ilishuka kila alipopiga; tulipompa jepesi, alinyooka.

Kocha Mstaafu: Kweli kabisa, mama. Tena tuache kuwaamuru wapige kuelekea chini, kwa sababu mpira hufika ukishuka, hivyo gongo lipande kidogo kuukabili. Ted Williams, mpigaji maarufu wa besiboli wa Marekani aliyemaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa upigaji wa .406 (yaani mapigo yaliyofaulu takribani manne katika kila kumi), alifundisha hivyo.

Mwalimu wa Michezo: Ninashukuru. Kesho nitatazama visigino.