Benki hutazama nini kabla ya kumwingiza wakili kwenye orodha yake ya mawakili wa mikopo ya nyumba?

Wakili wa Jinja:
Mawakili wasomi, salaam. Mimi na mwenzangu tulifungua ofisi hapa Jinja, mashariki mwa Uganda, miaka minne iliyopita, na kazi yetu kubwa ni mikataba ya kuuziana viwanja, uhamishaji wa hati na mirathi. Mara tatu sasa mteja wetu ameidhinishiwa mkopo wa nyumba, kisha benki ikamwambia kwamba rehani itaandaliwa na wakili aliye kwenye orodha yake huko Kampala, ingawa hati yenyewe husajiliwa katika ofisi ya ardhi iliyo jirani na mlango wetu, na ada atailipa mteja huyo huyo. Benki moja niliiandikia barua, haikujibu. Nyingine ilinipa fomu ndefu inayouliza hata bima ambayo hatujawahi kuikata. Naomba mnieleze benki hutazama nini hasa, na kampuni iliyokwisha kuingia huondolewa kwa sababu zipi.

Mkongwe wa Kampala:
Ndugu wa Jinja, barua ya maombi inayotumwa wakati wowote mara nyingi huishia kwenye faili. Benki nyingi hupitia orodha zao kwa vipindi, na baadhi hutangaza gazetini kwamba zinapokea maombi ya watoa huduma, mawakili wakiwekwa pamoja na wathamini na wapima ardhi. Fuatilia matangazo hayo.

Nyaraka zenyewe hazina siri. Utatakiwa cheti cha uwakili cha mwaka huo kwa kila wakili wa ofisi, uthibitisho kwamba Baraza la Sheria, linalosimamia mawakili, limekagua na kuidhinisha ofisi yenu, cheti cha kutodaiwa kodi, na bima ya dhima ya kitaaluma (inayolipa hasara itokanayo na makosa ya wakili kazini) yenye kiwango kinacholingana na ukubwa wa mikopo mtakayoshughulikia. Kwa kuwa Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha ya 2013 inawahesabu mawakili miongoni mwa wanaowajibika, benki itauliza pia kama mmesajiliwa na mamlaka inayosimamia sheria hiyo, na tangu kuja kwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 itauliza mnavyotunza taarifa za wakopaji.

Cheti cha uwakili usikichukulie kuwa jambo la karani. Vijana wengi hawakumbuki shauri la Profesa Syed Huq dhidi ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, ambamo Mahakama ya Juu ilizikataa nyaraka zilizoandaliwa na wakili asiye na cheti hai. Bunge lilirekebisha Sheria ya Mawakili mwaka 2002 ili mteja asiumie kwa kosa la wakili wake, lakini hofu ile haikutoka vichwani mwa idara za sheria za benki. Wakili anayechelewa kuhuisha cheti mwanzoni mwa mwaka husimamishiwa kazi kimyakimya, na mara nyingi hajui kwa nini simu imeacha kulia.

Afisa wa Idara ya Sheria:
Ninafanya kazi ndani ya benki, kwa hiyo nitaeleza tunavyowapima walio ndani tayari. Kuwa kwenye orodha si ahadi ya kupewa kazi. Tunaandika tarehe tuliyotuma maagizo, tarehe ripoti ya upekuzi wa hati iliporudi, na tarehe hati iliporejea kwetu ikiwa na rehani iliyosajiliwa. Wakili anayesema "iko kwa msajili" kwa wiki tano, bila kutaja namba ya maombi wala kasoro aliyoulizwa, hatufai hata kama mwishowe ataikamilisha.

Kubwa kuliko kasi ni ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Sheria ya Rehani ya 2009 inaitaka benki ichukue hatua za kuridhisha kujua kama mwombaji ameoa au ameolewa na kama nyumba inayowekwa rehani ndiyo makazi ya familia, na ridhaa lazima itolewe na mtu aliyeelewa anachokubali. Tumewahi kupokea fomu ambayo saini ya mke na ya mume zilikuwa za mwandiko mmoja. Tunataka wakili aliyemwona mwenzi huyo ana kwa ana, akamweleza kwa lugha anayoijua, akamshauri atafute ushauri wake mwenyewe, na akaandika kumbukumbu ya siku hiyo. Kama mtu hajui kusoma, wakili aliyeandika waraka aweke jina na anwani yake, na athibitishe kwamba ulisomwa na kuelezwa, kama inavyotaka sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma. Rehani huchunguzwa vikali siku mkopaji anaposhindwa kulipa: kwanza anapewa siku 45 za kazi za kurekebisha, kisha notisi ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza, na wakili wake anakwenda mahakamani kutafuta kasoro. Fomu ya ridhaa iliyojazwa kwa haraka ndiyo anayoanza nayo.

Jambo la pili ni ahadi ya kitaaluma. Mkopo unapohamishwa kutoka benki moja hadi nyingine, au fedha zinapotolewa kabla ya hati kukabidhiwa, tunategemea neno la wakili lililoandikwa kwamba hati itatufikia. Anayevunja ahadi hiyo mara moja hatuhitaji kikao ili kumwondoa.

Mwenye Mashaka:
Haya yote ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nilipoingia kwenye orodha ya benki moja ambayo sitaitaja, nilitumwa kukagua ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu ulioenea Buganda) katika wilaya ya Wakiso. Hati ilikuwa safi, haina kaveati, yaani zuio lililosajiliwa, wala rehani nyingine. Nilipofika uwanjani nilikuta familia sita za wenye bibanja, yaani wanaokaa kwenye vipande ndani ya ardhi ya mwenye hati, baadhi zikiwa na makaburi ya mababu. Niliandika hivyo kwenye ripoti, kwa sababu mpangaji halali wa kibanja analindwa na Sheria ya Ardhi na benki ingenunua ugomvi. Afisa wa mikopo alinipigia akaniomba niandike tu kilichomo kwenye rejesta. Nilikataa. Sikuondolewa kwenye orodha, ila kwa miezi minane sikupewa kazi hata moja. Wakati huo huo kulikuwa na wenzetu waliopata maagizo kila wiki, na kila mtu alijua walikuwa wakiwapelekea nini maafisa wa tawi mwezi wa Desemba. Kanuni zetu zinakataza kutafuta wateja kwa njia hizo na kutoza chini ya viwango vya ada, lakini nani alalamike akiwa bado anasubiri kazi?

Afisa wa Idara ya Sheria:
Ndugu Mwenye Mashaka, siwezi kuibishia habari yako. Nitaongeza tu kwamba ripoti kama ile ipelekwe kwa idara ya sheria moja kwa moja, na nakala kwa afisa wa mikopo, isiwe kinyume chake. Afisa wa mikopo hupimwa kwa mikopo aliyoitoa. Sisi hupimwa kwa ile iliyokwama mahakamani.

Aliyesoma Uingereza:
Kwa kulinganisha tu: kule wakili mmoja kwa kawaida humwakilisha mnunuzi na benki kwa pamoja, na maagizo yapo kwenye kitabu kimoja ambacho sehemu ya kwanza ni ya wakopeshaji wote na ya pili ni ya kila mkopeshaji peke yake. Hata hivyo orodha hukatwa bila huruma. Januari 2012 benki ya HSBC ilibakiza kampuni 43 tu za mawakili. Chama cha wanasheria kina mpango wa ubora wa uhamishaji wa nyumba, na wakopeshaji wengi hudai uanachama wake kabla ya kukutazama. Hapa kwetu hakuna cheti cha namna hiyo, kila benki inajipimia yenyewe, kwa hiyo ushahidi wa kazi mliyokwisha kufanya una uzito zaidi.

Wakili wa Jinja:
Nawashukuru nyote. Tutaanza na bima, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyotukwamisha. Swali moja limebaki: niombe benki zote kwa pamoja, au moja?

Mkongwe wa Kampala:
Moja au mbili zenye matawi Jinja, Iganga na Tororo. Waambie kwamba upekuzi wa hati za Busoga, eneo lenu hilo la Jinja, mtaufanya siku hiyo hiyo kwa miguu, na muambatishe orodha ya uhamishaji mliousajili mwaka huu, tarehe za kuwasilisha na za kukamilisha zikiwemo, majina ya wateja yakiwa yamefichwa. Na kabla ya kusaini fomu, someni kifungu cha fidia: baadhi ya benki humtaka wakili abebe hasara yote bila kikomo, na bima yenu haitafika huko.